Kuziandaa Seva za Faili Kabla ya Kugusa Hifadhi: Niliyojifunza Mbeya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia mitambo ya kompyuta katika kampuni ndogo ya upimaji ardhi yenye makao yake Mbeya mjini na tawi lake Iringa. Tunapima viwanja na mashamba, tunachora ramani, na tunaunganisha picha zinazopigwa na ndege zisizo na rubani. Kazi hiyo huzaa faili kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani: kijiji kimoja cha Rungwe au Ileje, kikishapigwa picha, hujaza gigabaiti nyingi kabla mchoraji hajachora hata mpaka mmoja. Faili zote hukaa katika hifadhi kuu moja, yaani sanduku la diski lenye kontrola mbili, yaani vitengo viwili vinavyoliendesha, lakini hakuna mtumiaji anayeligusa moja kwa moja. Katikati zimesimama seva mbili za Linux, ambazo huzihudumia kompyuta za Windows za wachoraji na wahasibu kwa SMB, na mashine za kuchakata picha kwa NFS, lugha mbili ambazo kompyuta hutumia kugawana faili katika mtandao. Ninayoyasimulia hapa yananihusu mimi na seva hizo mbili, kwa sababu nilikuja kuelewa, kwa gharama, kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuboresha hifadhi hufanyika katika seva zilizosimama mbele yake, tena wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Machi, mvua ikinyesha tangu alfajiri kama ilivyo kawaida ya Mbeya msimu huo. Aliyetuuzia hifadhi alikuwa ametutumia fundi kutoka Dar es Salaam aje aweke toleo jipya la programu inayoliendesha lile sanduku. Nilimuuliza kama watumiaji wataathirika, naye akanijibu kwa utulivu, "Kaka, kontrola ziko mbili. Ya kwanza ikijizima ili ipokee toleo jipya, ya pili inabeba mzigo wote. Ofisi haitahisi kitu." Kwa upande wa hifadhi maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa, nami nikayachukua kana kwamba yalikuwa sahihi kwa mfumo wote. Sikujiuliza seva zangu zinaifikia ile kontrola ya pili kwa njia gani, zitafanya nini hifadhi ikinyamaza kwa muda, wala zitaamka namna gani zikianguka.

Kontrola ya kwanza ilijizima saa nne asubuhi. Seva inayobeba ramani ilikuwa na kebo mbili kuelekea kwenye hifadhi, na programu ya njia nyingi, ile inayoiwezesha Linux kuiona diski moja kupitia kebo zaidi ya moja, ilikuwa ikionyesha njia mbili zilizo hai. Nilikuwa nimeitazama orodha hiyo asubuhi ileile nikaridhika. Kumbe kebo zote mbili zilikuwa zimechomekwa katika matundu mawili ya kontrola moja, ileile iliyokuwa ikizimwa. Njia zote zikafa kwa pamoja. Seva haikuwa imeelekezwa kusubiri, kwa hiyo ikaurudishia mfumo wa faili makosa papo hapo, na mfumo wa faili, kwa kujilinda usiharibike zaidi, ukajigeuza kuwa wa kusoma tu. Dakika chache baadaye kontrola ilirudi ikiwa nzima, lakini seva ilikuwa imekwisha kukata tamaa.

Hapo nikafanya kosa lililotugharimu kuliko yote: niliiwasha seva upya kwa haraka, kabla sijasoma kumbukumbu zake za matukio. Ilipokuwa inaamka iligundua kwamba mfumo wa faili unahitaji ukarabati wa mkono, ikashindwa kuupachika mahali pake. Katika fstab, faili inayoielekeza Linux ipachike diski zipi na wapi inapowaka, nilikuwa nimewahi kuandika maagizo kwamba diski hiyo ikikosekana seva iendelee tu kuwaka, nikidhani najirahisishia kazi siku za matatizo. Basi seva ikawaka, ikaonekana haina neno, na folda ya /data/ramani ikawa ipo palepale ilipo siku zote, ila tupu. Kilichobaki kilikuwa kizingiti cha mlango bila nyumba nyuma yake.

Tulianza ukarabati mchana ule na ukaendelea hadi usiku. Katika kuhangaika na Mbeya, hakuna aliyeikumbuka Iringa. Ilipofika saa mbili usiku, kompyuta ya tawi iliamka kama ilivyopangiwa, ikaja kuchukua mabadiliko ya siku kwa rsync, programu ya kulinganisha na kunakili folda. Amri yake ilikuwa na agizo la kufuta huko Iringa kila faili isiyokuwepo tena Mbeya, ili nakala ifanane na chanzo. Ikaikuta folda tupu. Programu hiyo ina busara ya kuacha kufuta inapokutana na makosa ya kusoma diski, lakini folda tupu inasomeka vizuri bila kosa lolote, na maana yake kwa programu ni moja tu, kwamba mwenye faili ameamua kuzifuta zote. Ikatii.

Jumapili alfajiri ukarabati ulikwisha. Faili nyingi zilirudi salama, lakini folda ya kijiji kimoja ilikuwa imesambaratika. Sehemu ya vilivyokuwemo ilikuwa imetupwa katika folda ya vilivyookotwa, majina yamepotea na badala yake kuna namba tupu, na sehemu nyingine haikuonekana kabisa. Sikuogopa sana, kwa sababu nakala ya Iringa ilikuwepo. Nikampigia simu fundi mwenzangu wa huko, naye akatoka Kihesa kwenda ofisini siku ya Jumapili. Nilimsikia akifungua mlango, akiwasha taa, akibonyeza vitufe. Halafu akanyamaza. Halafu akasema, "Kaka, folda ipo. Ndani hamna kitu."

Kilichotuokoa ni diski ya mkononi ambayo fundi huyo alikuwa ameijaza kwa hiari yake siku 19 kabla, bila kuagizwa na mtu. Aliifunga vizuri, akaikabidhi kwa kondakta wa basi, ikapita Mafinga na Makambako ikatufikia jioni. Data ya kijiji kile iliyokusanywa baada ya tarehe hiyo ikabidi iingizwe upya kutoka katika daftari za uwandani, kazi iliyowachukua wapimaji wawili siku tisa. Mkuu wa upimaji, mzee anayekaribia kustaafu, hakunigombeza. Aliweka daftari moja mezani kwangu, jalada lake likiwa limevimba kwa mvua, akasema, "Mwanangu, vile vilima tumevipanda kwa miguu." Mpaka leo, kila ninapoandika amri ya kufuta, ninaliona lile daftari.

Madhara hayakuishia hapo. Wiki tatu baadaye mchoraji mmoja aliniita nione picha ya kijiji kingine, iliyounganishwa Jumamosi ileile: katikati yake ulikuwa umekatiza ukanda mweusi, mwembamba, ulionyooka. Mashine ya kuchakata ilikuwa imeipachika folda ya NFS kwa mpangilio uitwao "soft", ambao humruhusu mteja kukata tamaa seva isipojibu baada ya majaribio kadhaa na kuirudishia programu kosa. Programu yetu ya kuunganisha picha haikulijali kosa hilo. Iliruka kipande kilichoshindikana, ikaendelea, na mwisho ikatangaza kwamba kazi imekamilika. NFS ilibuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kutoka mwaka 1984, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya wazo kwamba seva ikipotea mteja asubiri, na ikirudi aendelee alipoishia. Sisi tulikuwa tumeuondoa uvumilivu huo kwa neno moja la herufi nne, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuchoshwa na mashine zinazoganda seva inapowashwa upya. Ninaona hasara ya namna hii ni mbaya kuliko ile ya folda tupu, kwa kuwa folda tupu inaonekana siku ileile, ilhali ukanda mweusi ungeweza kwenda hadi kwenye meza ya halmashauri ukiwa na muhuri wetu.

Toleo jipya liliondolewa, hifadhi ikarudishwa katika hali yake ya zamani, na kazi ikapangwa upya mwezi Juni. Nikapewa miezi mitatu kasoro.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuwatambua watumiaji wa seva zile mbili. Mwanzoni niliwauliza watu, nikapata majibu mafupi na yenye imani kubwa, na karibu yote yalikuwa na upungufu. Nikaacha kuuliza, nikaanza kusikiliza: kwa wiki tatu mfululizo, kila baada ya dakika kumi, seva iliandika anwani za mashine zote zilizounganishwa nayo, folda zilizofunguliwa na faili zilizowekewa kufuli na mtumiaji. Wiki tatu zilitosha kuupita mwisho wa mwezi, maana ofisi ya tarehe 28 siyo ofisi ya tarehe 10. Niligundua kwamba jedwali la mishahara la mama mhasibu lilikuwa likivuta takwimu kutoka katika folda ya ramani ambayo sikujua kwamba ana ruhusa nayo. Niligundua kompyuta iliyosahaulika chini ya meza ya masjala, ikiunganisha picha za zamani usiku. Na niligundua mashine ya kunakili karatasi iliyokuwa ikihifadhi nyaraka ilizozisoma kwa SMB ya toleo la kwanza, lugha ya zamani mno ambayo udhaifu wake ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na ambayo Samba yenyewe, programu inayoiwezesha Linux kuzungumza SMB, huizima tangu toleo lake la 4.11 la mwaka 2019. Mashine ile ingenyamaza siku ambayo ningeiboresha seva, na lawama ingeangukia hifadhi mpya isiyo na kosa. Tukaielekeza itume nyaraka kwa barua pepe, tukaliondoa toleo hilo la kwanza kabla ya kitu kingine chochote, ili mabadiliko mawili yasije yakachanganyika siku moja.

Baada ya watu zikafuata kebo. Sikuridhika tena na orodha ya kwenye skrini. Nilichukua utepe wa rangi mbili, mwekundu kwa kontrola ya kwanza na wa bluu kwa ya pili, nikaishika kila kebo kwa mkono kuanzia tundu la seva, nikaifuata nyuma ya kabati, nikapita nayo kwenye swichi hadi ilipoishia, ndipo nikaifunga utepe pande zote mbili. Kazi ya asubuhi moja. Kila seva ilipaswa kuwa na angalau utepe mmoja wa kila rangi; ile ya ramani ilikuwa na miwili myekundu, kama tulivyokwisha kujua, na ile ya pili, ambayo mwezi Machi haikuyumba, nayo ilikuwa na njia moja ya bluu ambayo kebo yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiigusa taa inazimika. Ilinusurika kwa bahati. Nilipomaliza niliuchora mchoro kwenye karatasi moja, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati, na fundi yeyote atakayekuja ataukuta hapo.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ambayo naiona kuwa kiini cha maandalizi yote, ni kupanga subira. Hifadhi inapobadilisha kontrola huwa kuna kipindi ambacho haimjibu mtu. Nyaraka za muuzaji wetu zilitaja hadi sekunde 60. Swali likawa, je, kila tabaka lililo juu ya hifadhi lina subira inayozidi sekunde hizo? Linux kwa kawaida huipa diski sekunde 30 kuijibu amri kabla ya kuihesabu kuwa ina matatizo. Programu ya njia nyingi, inapozipoteza njia zote, inaweza kuambiwa irudishe makosa papo hapo, kama yetu ilivyokuwa imeambiwa, au ijaribu tena mara kadhaa, au isubiri bila kikomo. Kusubiri bila kikomo kunavutia, lakini nilikukataa: njia zisiporudi kabisa, kila kitu kinachoigusa diski kinaganda, hata kuizima seva kwa utaratibu kunashindikana, na unabaki na kitufe cha umeme tu. Nilichagua majaribio 24, na kwa kuwa programu hiyo kwetu huzikagua njia kila baada ya sekunde 5, jumla ikawa sekunde 120, mara mbili ya ukimya mrefu kuliko wote uliotajwa. Muda wa diski niliupanga kwa kipimo kilichoandikwa na muuzaji.

Juu ya diski kuna NFS. Mashine zote za kuchakata niliziondoa katika mpangilio wa "soft" nikazipeleka katika "hard", zisubiri mpaka seva ijibu. Waliokuwa wamezoea mashine zisizoganda walinung'unika, nikawaonyesha ule ukanda mweusi, wakaelewa. Na juu kabisa kuna Windows, ambayo kwa SMB husubiri jibu kwa takribani dakika moja kisha huikata safari. Hapo ndipo nilipofikia mwisho wa uwezo wangu wa kupanga: hata seva ikivumilia sekunde 120 bila kutetereka, mchoraji mwenye mchoro uliofunguliwa anaweza kuupoteza unganisho katikati ya kuhifadhi. Jibu la tatizo hilo halikuwa la kiufundi. Ilibidi watu wafunge michoro yao na kwenda nyumbani.

Mipangilio yote hiyo niliijaribu kabla ya kuiamini. Jioni moja, ofisi ikiwa tupu, nilianza kunakili faili moja ya gigabaiti 20 kutoka kwenye mashine ya kuchakata kwenda kwenye seva, nikachomoa kebo zote mbili, nyekundu na ya bluu, nikaanzisha saa ya simu. Mstari wa maendeleo ulisimama. Sekunde 30 zikapita, 60, 90, na mikono yangu ilikuwa ya baridi kwa sababu nilijua nini kilitokea mara ya mwisho. Kwenye sekunde ya 100 nikazirudisha kebo. Kwa muda hakukuwa na kitu, halafu mstari ukasogea. Nilisubiri mpaka mwisho, nikakokotoa alama za sha256, ambazo hubadilika faili ikitofautiana hata kidogo, za faili pande zote mbili, zikalingana herufi kwa herufi. Nilirudia jaribio hilo kwa kuiwasha upya seva yenyewe, na hapo nikapata kujua jambo jingine: katika toleo la nne la NFS, seva ikiamka huwapa wateja wa zamani kipindi cha neema, kwa kawaida sekunde 90, wadai tena faili walizokuwa wameziwekea kufuli, na katika kipindi hicho haimpi mtu kufuli jipya. Asiyelijua hilo atadhani seva imeharibika, ataiwasha tena, na saa ya neema itaanza upya.

Kile kizingiti bila nyumba nilikishughulikia kwa njia tatu, kwa makusudi, kwa sababu sikutaka usalama wa folda ile utegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Diski zote katika fstab zilitajwa kwa UUID, yaani namba ya utambulisho ya kila diski, badala ya majina kama sdb, ambayo hubadilika kontrola zikiamka kwa mpangilio tofauti. Folda tupu iliyo chini ya kila diski niliiwekea alama ya kutobadilika, ili diski isipopachikwa, yeyote atakayejaribu kuandika hapo akataliwe badala ya kujaza diski ya mfumo kimyakimya. Na katika orodha ya folda zinazotolewa kwa NFS niliongeza sharti kwamba folda isitolewe kabisa isipokuwa diski yake imepachikwa kweli. Nikazipa pia namba za fsid, za kuzitambulisha folda hizo kwa wateja, zisizobadilika, kwa kuwa mteja wa NFS huikumbuka faili kwa kitambulisho kinachobeba utambulisho wa diski. Utambulisho huo ukibadilika baada ya kazi, mteja huambiwa kwamba kitambulisho chake kimechakaa, na hana la kufanya mpaka folda ipachikwe upya. Kwetu data haikuwa inahama, kwa hiyo namba hizo zilitosha. Anayehamishia faili katika diski mpya kwa kuzinakili moja moja ajue kwamba vitambulisho vitabadilika hata akiweka fsid ileile, na apange kuzipachika upya mashine zote.

Nakala ya Iringa tuliifikiria pamoja na fundi wa kule kwa simu nyingi. Tuliweka faili ndogo ndani ya folda ya ramani, isiyo na kazi nyingine ila kuwepo. Kompyuta ya Iringa huitafuta kwanza, na isipoiona haifanyi chochote zaidi ya kututumia ujumbe. Tukaweka kikomo cha idadi ya faili zinazoweza kufutwa kwa usiku mmoja. Na huko Iringa tukaanza kutunza picha za hali ya nakala kwa siku 30, ili hata ikifutwa leo, ya jana iwepo.

Kisha tukajaribu kurejesha, na hesabu zikatufundisha. Terabaiti 6 zikipita katika mtandao wa ndani wa gigabiti 1 zinachukua kama saa 15 mambo yakienda vizuri. Zikipita katika laini yetu ya Iringa ya megabiti 20 kwa sekunde zinachukua siku 28. Kwa miaka tulikuwa tukiiita nakala ile kinga yetu bila kuipigia hesabu hiyo. Tuliamua kwamba wiki ya kazi, diski iliyojazwa Iringa isafiri kuja Mbeya mapema, safari ya zaidi ya kilomita 300 ambayo basi huimaliza kwa siku moja. Safari hii fundi aliileta mwenyewe, akiwa ameishika mapajani tangu Ipogolo.

Mambo ya kulinganisha matoleo, kama programu ya kadi za seva inakubaliana na toleo jipya la hifadhi, niliyamaliza kwa siku mbili kwa kusoma jedwali la muuzaji mstari kwa mstari, na sina la kuongeza.

Juni huko kwetu ni baridi, na mlinzi wa usiku alikuwa na kawaida ya kuota moto wa mkaa barazani, kando kabisa ya dirisha la chumba cha seva. Sikuwa nimewahi kulitilia maanani mpaka nilipofungua seva moja kusafisha nikakuta majivu laini kwenye vichujio vya feni. Nilimwamkia, nikamwonyesha, naye akalihamishia jiko upande wa pili wa jengo bila maneno mengi. Tukasafisha seva zote mbili kabla ya siku ile, kwa sababu mashine iliyokaa miezi mingi bila kuzimwa huweza kugoma siku inapowashwa upya, nami nilitaka ugomvi huo utokee siku ya kawaida.

Kuwaambia watu hakukuwa kazi ya barua pepe peke yake. Nilibandika karatasi mlangoni, kwenye meza ya chai na karibu na mashine ya kunakili, nikiandika kwa lugha ya kila siku kwamba Jumamosi folda ya ramani itanyamaza mara mbili na kwamba kila mmoja afunge michoro yake Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mama mhasibu nilimfuata mwenyewe, tukakubaliana tarehe isiyogusa mishahara. Mzee wa upimaji aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukiona mambo hayaendi, utajuaje kwamba ni wakati wa kurudi nyuma?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilirudi kwake kesho yake nikiwa nimeandika: ikifika saa nane mchana kontrola ya kwanza haijakaa sawa, au njia yoyote ya bluu au nyekundu haijarudi ndani ya dakika kumi, tunarudisha toleo la zamani, na anayetamka hivyo ni mimi, si fundi wa muuzaji. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Asubuhi niliangalia seva nikakuta michoro miwili bado imefunguliwa. Nikawapigia simu wenye nayo, mmoja akiwa sokoni Mwanjelwa, nikazifunga kwa idhini yao. Kontrola ya kwanza ilipojizima, njia nyekundu zilikufa na za bluu zikaendelea kubeba mzigo, na faili ya majaribio iliyokuwa ikinakiliwa ilisimama kwa sekunde 41. Kontrola ya pili ilipojizima ilisimama kwa sekunde 37. Alama za sha256 zililingana. Saa saba kamili fundi wa muuzaji alikuwa anafunga begi lake.

Saa mbili usiku mimi na fundi wa Iringa tulikuwa kwenye simu, kila mmoja mbele ya skrini yake. "Kamwene," alinisalimia kwa kikwao, nikaitika. Kompyuta yake iliamka, ikaitafuta ile faili ndogo, ikaiona, ikaanza kazi. Ripoti ilipotoka ilisema faili mpya 212 zimeletwa na faili 14 zimefutwa. Akaanza kunisomea majina ya zile 14 moja baada ya jingine, nami nikawa nalitafuta kila jina katika kumbukumbu za seva ya Mbeya nijue nani aliifuta, lini, na kutoka mashine gani. Tulipoipata ya mwisho, rasimu ya ramani ambayo mchoraji wake aliifuta mwenyewe Ijumaa saa tisa, ndipo tulipoagana.